Trekta dogo la kukatia nyasi: oili inabadilishwa kila saa 50, mbona linachoka likipata moto?

Mlinda_Nyasi

Wakuu, habari za majukumu.

Nimekabidhiwa trekta dogo la kukatia nyasi, lile la kukalia, injini mbele na deki (lile kava la chuma la chini linalobeba visu) ya visu viwili katikati ya magurudumu. Mzee aliyekuwa akilitunza amestaafu, kaniachia ufunguo, dumu la petroli na daftari. Daftari lenyewe limeandikwa kwa mwandiko mzuri sana: "Oili saa 50. Oili saa 100. Oili saa 150," hivyo hivyo mpaka 300. Hakuna neno jingine humo. Plagi hakuna, grisi hakuna, visu hakuna. Leo mita ya saa za kazi za injini inasoma 312.

Asubuhi linawaka vizuri. Nikikata kama dakika arobaini linaanza kuishiwa nguvu, nikikutana na nyasi nzito kidogo injini inataka kuzima. Nikilipumzisha kivulini nusu saa, linarudi kama jipya. La pili, upande wa kushoto linakata chini kuliko kulia, uwanja unaonekana kama kichwa kilichonyolewa na mtu mwenye usingizi, na katikati ya visu viwili kunabaki kamstari ka nyasi ndefu. La tatu, wiki iliyopita lilizimika mbali na stoo, tukalisukuma watu watatu, zito ajabu, kama tumefunga breki.

Nilipima oili: iko safi, tena iko juu kidogo ya alama. Naomba mnisaidie, nianzie wapi? Kitabu chake hakipo. Natanguliza shukrani.

Oili_Nyeusi

Mkuu, hiyo oili ni nyepesi. Mwaga, weka ile nzito ya namba 40, nguvu itarudi. Mambo ya kuangaika na spana achana nayo.

FundiKutu

Mlinda_Nyasi, marahaba. Najua hujanipa shikamoo, lakini kwa umri wangu humu ndani nimeshazoea kujichukulia mwenyewe.

Kwanza, chupa ya 40 irudi rafuni. Oili nzito haiwezi kupoza injini ambayo haipati hewa, na ninavyosoma maelezo yako, hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Huyo mzee wa daftari simcheki, maana nami niliwahi kuandika daftari la namna hiyo. Oili kila saa 50, sikuruka hata mara moja, nikajiona mtunzaji hodari. Kisha injini ikaanza tabia hiyo hiyo: asubuhi iko nzima, jua likiwaka inachoka. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha filta ya petroli. Nikafungua kabureta, nikaisugua mpaka iking'aa kama bangili. Wapi! Baada ya wiki mbili ukatoka moshi wa bluu uliofunika uwanja mzima, oili ikarushwa hadi kwenye filta ya hewa. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Siku ile ndipo kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifungua lile kava la juu linalofunika feni. Silinda sikuiona. Niliona godoro. Vumbi la nyasi lilikuwa limeshikana na oili, limejaa kwenye mapezi yote ya silinda, limegandamana, na juu yake panya kajenga na kuzaa.

Sasa elewa inavyofanya kazi. Injini hii haina rediata wala maji. Juu ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, kuna feni. Inavuta hewa kupitia wavu ule unaouona juu, inaisukuma chini ya kava, hewa inapita kati ya mapezi, vile vibamba vyembamba vilivyozunguka silinda, na kuondoka na joto. Wavu ukizibwa, au mapezi yakizibwa, joto halina pa kwenda. Ukiwasha asubuhi chuma bado ni baridi, kwa hiyo hujui. Dakika arobaini zikipita unajua. Na ubaya wake ni kwamba wavu wa juu unaweza kuwa msafi kabisa, ukaupiga brashi kila siku, na huko chini kumefungwa kama gunia.

Acha injini ipoe kabisa, hata kama una haraka. Chomoa waya wa plagi, uuweke mbali na plagi yenyewe. Fungua bolti za kava la feni, linyanyue taratibu ukiangalia waya zilizopita pembeni yake. Kisha kijiti cha mbao, brashi ngumu, na upepo wa kompresa kama unao. Kijiti kiwe cha mbao kweli, bisibisi itakukwangulia aluminiamu. Maji usiguse. Sugua hadi uone mwanga unapita kati ya pezi na pezi. Ukirudisha kava hakikisha hakuna waya uliobanwa. Mimi nafanya hivyo kila saa 100, na kiangazi, nyasi zikiwa kavu na vumbi tele, nafanya kila saa 50, siku ile ile ya kubadilisha oili. Wavu wa nje ni kila ukimaliza kukata.

Jambo jingine la joto: wengi wanakata nyasi mkono wa resi, ule wa kuongeza mzunguko wa injini, ukiwa nusu, wakidhani wanaihurumia injini. Feni inazungushwa na injini hiyo hiyo! Ukipunguza resi umepunguza upepo, na visu navyo vinazunguka polepole, nyasi zinalala badala ya kukatika. Visu vikiwa kazini, mkono wa resi uwe juu kabisa. Ukitaka kwenda taratibu, punguza mwendo wa magurudumu.

Kuhusu oili. Kwa hali ya joto SAE 30 (namba ya uzito wa oili, iko kwenye chupa) inatosha. 10W-30 nayo haidhuru, ila jua likiwa kali injini hizi huila zaidi, pima mara kwa mara. Imwage injini ikiwa vuguvugu, ukiiungurumisha dakika chache kwanza oili inatoka na uchafu wake. Lakini umesema iko juu ya alama, na hilo halinipendezi. Chomoa kijiti cha kupimia, kinuse. Kama kinanuka petroli, usiwashe. Maana yake sindano ya kabureta haifungi, petroli inachuruzika usiku kucha na kushukia kwenye oili. Oili ya namna hiyo ni nyembamba kama maji na haiwezi kulinda beringi. Kama hainuki kitu, basi mtu alizidisha tu, punguza mpaka kwenye alama. Pima kila mara ukiwa kwenye sakafu tambarare, si kwenye mteremko.

Filta ya hewa itoe uipulize na kompresa. Grisi wataendelea wengine, mgongo unaniuma.

BibiSpana

Shikamoo Fundi. Kwa godoro nakuunga mkono asilimia mia, lakini filta hapana. Ile ya karatasi ukiipiga na kompresa inatoboka matundu usiyoyaona kwa macho, na vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda kama msasa. Igongegonge polepole kwenye kitu kigumu, ikigoma kusafika nunua nyingine. Karatasi haioshwi. Kinachooshwa ni sponji inayoivalia juu: maji, sabuni, kamua bila kuisokota, ikauke kabisa, na hii ni kila saa 25.

Mlinda_Nyasi kaka yangu, mimi nakuja kwenye kinyozi wako mwenye usingizi.

Anza na matairi, tafadhali. Watu wanakimbilia kugeuza nati za deki kabla hawajapima upepo. Deki imening'inia kwenye fremu, fremu imekaa juu ya matairi. Tairi la kushoto likipungua upepo, deki nzima inalala kushoto. Trekta nyingi za aina hii huchukua kama psi (kipimo cha upepo wa tairi) 10 nyuma na 14 mbele, lakini soma ubavuni mwa tairi, usizidishe kilichoandikwa. La muhimu zaidi ni kushoto na kulia kulingana.

Upepo ukishakuwa sawa, ndipo uweke trekta kwenye sakafu tambarare, waya wa plagi ukiwa umechomolewa, uvae glavu nzito. Geuza visu vielekee pembeni. Pima kutoka ncha ya kisu cha kushoto hadi sakafuni, na ncha ya kisu cha kulia hadi sakafuni. Tofauti isizidi milimita 3. Kisha geuza visu vielekee mbele na nyuma: ncha ya mbele inatakiwa iwe chini kidogo kuliko ya nyuma, milimita 3 hadi 10 kutegemea mashine. Ikiwa ya nyuma ndiyo iko chini, nyasi zinakatwa mara mbili na injini inabeba mzigo wa bure.

Ukiwa hapo hapo chini, jaribu na hili: pima ncha moja ya kisu, kizungushe nusu duara, pima ncha ya pili mahali pale pale. Vipimo vikiachana zaidi ya milimita 3, kisu kimepinda. Kisu kilichopinda hakinyooshwi kwa nyundo. Kinatupwa. Nimeona beringi ya shafti ya kisu imevunjika kwa sababu ya kisu kilichogonga kisiki na kurudishwa na nyundo, na gharama ya shafti nzima haifanani kabisa na ya kisu.

Kile kamstari katikati huwa na sababu tatu: visu butu, mkanda wa deki uliolegea, au wewe kwenda kasi kuliko visu. Visu vinolewe kila saa 25, na mapema zaidi kama kuna mchanga na mawe. Tazama jani lililokatwa: likiwa limekatika sawasawa na bado kijani, kisu kizuri. Likiwa limechanika na ncha imekuwa nyeupe au kahawia baada ya siku moja, kisu kinang'oa. Fuata mteremko wa makali ule ule kiliotoka nao kiwandani, karibu nyuzi 30. Usikinoe kama wembe. Ukingo mwembamba sana unakatika ukigusa kijiwe cha kwanza. Ukimaliza, tundika kisu kwenye msumari ukutani kupitia tundu la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, punguza kidogo nyuma ya makali yake mpaka kikae sawa. Kisu kisicho na usawa kinatikisa deki yote, utahisi kwenye usukani.

Wakati wa kurudisha, lile bawa lililokunjwa la kisu litazame juu, kuelekea deki. Mnacheka, lakini nimeletewa trekta lililokuwa "halikati kabisa" na visu vyote viwili vilikuwa vimefungwa kichwa chini.

Na uzito wa kusukuma: kama trekta lako halina gia za kubadilisha, lina pedali ya mbele na nyuma tu, basi giaboksi yake ni ya haidroliki. Nyuma, karibu na ekseli, kuna kiwaya au kikono cha kuachia. Usipokivuta mnasukuma dhidi ya oili iliyofungiwa ndani, na mnaiumiza. Wala usilikokote kwa gari. Ukifika, kirudishe, la sivyo utawasha na trekta halitakwenda, utadhani giaboksi imekufa.

Oili_Nyeusi

Haya mama, nimekaa kimya. Ila swali: deki si mnaosha kwa mpira wa maji? Yangu ina mpaka sehemu ya kuchomekea mpira.

BibiSpana

Ina sehemu, ndiyo. Mimi siipendi. Majani mabichi yaliyoganda chini ya deki yanakwanguliwa na kibao cha plastiki, yakiwa bado laini, siku ile ile. Ukilowesha na kuacha, kutu inaanza kwenye viungo vya kuchomelea. Ukiamua kuosha, ukimaliza washa visu kwa dakika mbili vijikaushe. Na ile mashine ya maji ya presha usiielekeze kabisa kwenye shafti za visu, inasukuma maji ndani ya beringi na kufukuza grisi.

FundiKutu

Hapo kwenye filta nimekubali, BibiSpana. Nimekaa nimehesabu filta nilizopuliza maishani mwangu, nimeona aibu.

Mlinda_Nyasi

Shikamoo Fundi, shikamoo BibiSpana. Nimerudi na majibu, mikono bado inanuka.

Kijiti cha oili hakinuki petroli. Nimepunguza hadi alama.

Nimefungua kava la feni. Godoro lipo. Upande wa ekzosi mapezi yalikuwa yamezibwa kabisa, nimetoa kopo zima la takataka, na ndani yake vipande vya karatasi ambavyo nikiviangalia vizuri naona ni kurasa. Nadhani ni kurasa za kitabu cha hili trekta. Panya alikisoma kabla yangu.

Tairi la nyuma kushoto lilikuwa na psi 5, la kulia 12. Nimeyaweka yote 10, tofauti ya deki ikabaki milimita 2. Sikugusa nati hata moja.

Visu vilikuwa butu mno. Kimoja kimepinda, tofauti milimita 7. Nimeagiza vyote viwili.

Halafu nimekuta kitu sikielewi. Chini ya kiti kuna plagi ya kuunganishia waya mbili (si ile ya injini) imechomolewa kwenye swichi, na mtu kaziunganisha kwa kipande cha waya. Ni ya nini?

BibiSpana

Toa hicho kipande cha waya leo, kabla ya kukata hata jani moja!

Hiyo ni swichi ya kiti. Kazi yake: dereva akiinuka visu vikiwa vimewashwa, injini izime. Mtu alichoka kuzimikiwa kila akiruka tuta, akaidanganya. Sasa trekta lako linaweza kukuangusha na kuendelea kukata. Huenda swichi ni mbovu, huenda plagi ilikuwa chafu tu. Rudisha, kisha jaribu: uwanja tambarare, breki ya kuegesha imekazwa, hakuna mtu karibu, washa visu, inua makalio kidogo kutoka kwenye kiti. Lazima izime. Isipozima, nunua swichi. Jaribio hilo ni mwanzoni mwa kila msimu, pamoja na la breki: bila kukanyaga pedali, stata isizunguke.

Umewahi kukata kwenye mteremko na hilo trekta? Kama uko zaidi ya nyuzi 15, acha. Chini ya hapo, panda na kushuka wima, usikate kukingama.

Mlinda_Nyasi

Nimetoa. Plagi ilikuwa na kutu, nimeisafisha, nikiinuka inazima. Na ndiyo, nimekata kwenye mteremko wiki mbili na ule waya pale chini ya kiti. Nimekaa chini kidogo baada ya kusoma ulivyoandika.

Swali la mwisho. Kuna kipindi trekta hukaa bila kazi miezi miwili, mitatu. Mzee alikuwa analifunika turubai tu.

FundiKutu

Turubai linamwachia panya nyumba. Sikiliza.

Petroli huanza kuharibika kwa kama siku 30, hasa yenye ethanoli, ambayo inavuta maji. Hata siku za kawaida usiweke yenye zaidi ya asilimia 10 ya ethanoli. Kabla ya kulilaza, ama tia dawa ya kutunza petroli na uwashe dakika kumi ifike kwenye kabureta, ama toa petroli tangini na uache injini iungurume hadi izime yenyewe. Kabureta nyingi ninazofungua zimezibwa na gundi ya kijani, gundi hiyo ni petroli ya msimu uliopita. Kama una bomba la kufunga petroli chini ya tangi, lifunge kila usiku, si wakati wa kulilaza tu.

Oili ibadilishe kabla ya kulilaza, usingoje siku ya kuliamsha. Oili chafu ina asidi, na itakaa na beringi miezi mitatu.

Betri itoe. Hasi kwanza, chanya baadaye. Kurudisha, chanya kwanza. Ikipumzika ikiwa imejaa inasoma karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya 12.4 ichaji, kila mwezi ipime. Ukisikia stata inafanya "ta!" mara moja tu, usiilaumu stata: betri imechoka au vichwa vyake vina unga mweupe. Vioshe kwa magadi soda na maji, kausha, paka grisi kidogo.

Plagi mpya kila saa 100, mwanya milimita 0.76. Grisi, kwa kuwa nilikimbia: piga kwenye nipo, vile vichuchu vya kuingizia grisi: za mbele kwenye viungo vya usukani, za magurudumu ya mbele, na za shafti za visu kama zako zinazo. Kila saa 25. Futa nipo kabla ya kupiga, la sivyo unaingiza mchanga kwa presha. Mkanda usiuguse kwa grisi wala oili. Ukiona nyufa au upande umeng'aa kama kioo, badilisha.

Mlinda_Nyasi

Nimekata leo na visu vipya. Saa moja na robo bila kupumzika, jua la saa nane, halikuyumba hata kidogo. Kamstari kameisha. Kwenye daftari, chini ya "Oili saa 300", nimeandika:

Saa 312: mapezi. Tairi kushoto 5, sasa 10. Swichi ya kiti.
Saa 313: visu vipya viwili. Grisi. Plagi.

Oili_Nyeusi

Na panya?

Mlinda_Nyasi

Nimemwona jana stoo, karibu na dumu la petroli. Daftari nimelitundika juu.